Jina la Karatasi

Karani wa shule yetu alikuwa na kamba. Kamba ya katani, nyembamba, yenye mafundo mawili, na kati ya fundo na fundo ndipo ulipokuwa ule umbali ambao serikali inautaka kati ya dawati la mtahiniwa na dawati la mwenzake. Kila Jumamosi, usafi ukishaisha, aliingia bwaloni na kamba yake shingoni akaanza kupima. Sisi wa kidato cha sita tulisimama mlangoni tukimchungulia na kucheka chinichini, maana hakuna aliyemtuma. Mtihani wenyewe ulikuwa bado miezi kadhaa. Yale yalikuwa mazoezi tu, na hata hayo mazoezi aliyabuni yeye. Mkuu wa shule aliyaruhusu kwa kuwa hayakumpunguzia kitu.

"Thelathini na Moja, dawati lako limepinda."

Thelathini na Moja ni mimi. Karani hakutuita majina. Fomu yako ya mtihani ikishakamilika, kuanzia hapo wewe ni namba, si bwaloni tu bali hata kwenye foleni ya maji, hata mkikutana njiani yeye yuko na baiskeli yake na wewe una kuni kichwani. Mpaka leo nikikutana na niliosoma nao tunaulizana kwa namba. "Kumi na Tisa yuko wapi siku hizi?" "Yuko Masasi, ana duka la vipuri." "Na Saba?" "Saba kaolewa Chidya, ana watoto watatu." Watu wanaotusikia kwenye gari hudhani tumetoka jela.

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake sikuuliza. Nilichojua, na kila mtu pale shuleni alikijua, ni kwamba kwa miaka mingi alitayarisha watoto wa watu kwa mtihani wa kidato cha sita ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuufanya. Na aliutaka. Aliutaka mtihani ule kama mtu anavyotaka kwenda kuwaona ndugu zake wa mbali, anasema kila mwaka kwamba msimu ukiisha nakwenda, na msimu unaisha. Walimu walimtania kwa hilo ofisini. Yeye alicheka nao, halafu akarudi kwenye chumba chake cha kuchapia na kufunga mlango.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, dirisha moja, makabati mawili ya chuma na mashine ya taipu ambayo hakuiacha hata baada ya shule kupata kompyuta. Kompyuta aliifunika kwa kanga. Kwenye kabati la kushoto mlikuwa na pepa za mitihani ya miaka yote ya nyuma, kila somo limefungwa kwa utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Ukitaka kuazima, unasaini. Ukirudisha ina doa la mafuta, anakuonyesha lile doa, kisha anakutazama. Nakwambia ni afadhali angekuchapa.

Kwa karatasi alikuwa bahili wa kutisha. Mitihani yetu ya utamilifu aliidurufu nyuma ya barua za zamani za wilaya, ili mradi upande mmoja uwe mweupe. Hivyo mbele una maswali ya Historia, na ukigeuza unakuta tangazo la mnada wa korosho au barua ya mkaguzi. Mwaka wetu, Kumi na Tisa alimaliza maswali manne, akahesabu, akaona maelekezo yanataka matano, akageuza karatasi. Nyuma akakuta sentensi inayosema wakuu wa shule waeleze sababu za upungufu wa madawati katika shule zao. Kijana wa watu akaeleza. Aliweka utangulizi, akatoa hoja sita, kila hoja na mfano, akafunga na hitimisho. Mwalimu wa Historia alimpa sifuri kwa swali hilo, tukacheka wiki nzima. Lakini Karani aliichukua ile karatasi, akaisoma taratibu akiwa amesimama, akasema hoja ya nne ni ya kweli kabisa, akaiweka kwenye faili. Na nasikia wilaya ilipouliza tena kuhusu madawati, jibu lililokwenda lilikuwa lile.

Jiografia hatukuwa na mwalimu muhula mzima. Aliyekuwepo alihamishwa, aliyeletwa aliripoti, akaliona lile giza la ukungu wa asubuhi na ile foleni ya maji, akaomba ruhusa ya kwenda kuuguza, hakuonekana tena. Basi Karani akaanza kuingia darasani vipindi vya Jiografia. Hakushika chaki. Alivuta kiti, akakaa, akafungua fungu la pepa na kusoma swali.

"Hili limekuja mara nne," anasema. "Safari hii limebadilisha nguo, lakini ni lile lile. Haya, tafuteni."

"Karani, jibu lake ni lipi?"

"Mimi sijui majibu. Najua maswali."

Tukafukua vitabu vitatu vya darasa zima, mmoja anasoma, wengine wanapinga. Yeye anasikiliza amefumba macho. Ukimaliza kujieleza anakuambia, "Sijui kama ulichosema ni kweli, mwanangu. Pengine ni kweli. Ila hukuulizwa hicho." Unakaa chini umekasirika, unasoma swali upya, unakuta kweli hukuulizwa hicho. Nimesomeshwa chuo kikuu na watu wenye shahada za kila rangi, na sijapata mwalimu aliyenifaa zaidi ya huyo ambaye hakuwa mwalimu. Nalisema hili wazi, hata wanaofundisha na mimi nimewaambia.

Usidhani alikuwa mpole. Alikuwa na mdomo, na alikuwa mkaidi. Wavulana waliokesha na msuli kiunoni kabla ya mtihani aliwasema mbele ya watu kwamba wanasomea usingizi, na yeye mwenyewe tulimkuta mara ngapi saa nane mchana amelalia mashine ya taipu, herufi zimemchora shavuni. Alihubiri kula vizuri siku ya mtihani, na yeye alishinda na kopo la ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi kidogo, Jumatatu mpaka Ijumaa. Ukimaliza mazoezi mapema akakuona umeinua kichwa, alikuja kusimama karibu nawe, anatafuna mng'oko wake pole pole. "Umemaliza?" "Nimemaliza, Karani." "Basi kuna kitu umeacha." Na harufu ya lile kopo, saa sita na nusu, tumbo tupu! Hiyo nayo nadhani ilikuwa sehemu ya mazoezi.

Lakini kitu alichokishikilia kuliko vyote ni namna ya kuitikia. Alitupanga mstari nje ya bwalo, akasimama mlangoni na orodha yake, akaita namba moja moja. Unatakiwa kusema "Nipo." Si "ndiyo", si "naam", si kunyoosha mkono. Arobaini na Mbili alizoea kunyoosha mkono. Kila akinyoosha alirudishwa mwisho wa mstari, Jumamosi moja alirudishwa mara tatu.

"Serikali haioni mkono," Karani alisema. "Serikali inasikia tu. Na siku yenyewe msimamizi hataita namba peke yake, ataita namba na jina. Jina lolote atakaloita, likufurahishe, likuudhi, wewe sema nipo. Mnanisikia?"

"Tunakusikia."

"Sema nipo, uingie ndani. Mengine ni baadaye."

Tulidhani ni uzee. Nilikuja kujua baadaye kwamba haukuwa uzee, na nilijua kwa kugombana naye.

Huku kwetu Newala na Masasi mtu ana majina mawili. La kwanza unapewa ungali mchanga. La pili unapewa ukitoka unyagoni, au mvulana akitoka jandoni, na siku ile mnapoaluka, mnaporudishwa nyumbani, jina la kwanza linaachwa kule porini pamoja na nguo za zamani. Atakayekuita tena kwa jina la utotoni amekutukana, tena mbele ya watu ni tusi zito, analipa kuku. Hili halina mzaha. Wamakonde ndivyo walivyo, Wayao ndivyo, Wamakua ndivyo. Tatizo ni kwamba shule haiendi unyagoni. Shule inakuandikisha darasa la kwanza na jina ulilokuja nalo mkononi mwa mama, na jina hilo linakwenda nawe darasa la saba, linakwenda kidato cha nne, linakaa kwenye cheti. Karani aliliita jina la karatasi. Lile jingine aliliita jina la nyumbani.

Wakati wa kujaza fomu za mtihani wa kidato cha sita alituita mmoja mmoja kwenye chumba cha kuchapia. Alifunga mlango, akafunga na dirisha. Unamnong'oneza jina la karatasi, yeye analiandika huku mkono wake wa kushoto umelifunika. Wenzetu Wakristo walisema tunakwenda kuungama. Tulitoka mle ndani macho chini, kweli kama watu walioungama.

Mimi sikutaka. Cheti changu cha kidato cha nne kilisema Sikudhani. Nyumbani Chilangala niliitwa Zuhura tangu nilipotoka ndani, mama yangu akiitwa Mama Zuhura, na nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa mwenye kichwa changu. Nikaijaza fomu mwenyewe, nikaandika Zuhura. Karani akanirudishia. Nikaandika tena Zuhura. Akanirudishia. Mara ya tatu nilimpitishia fomu dirishani nikaondoka haraka, na yeye, kwa hasira au kwa kuchoka, akatoa kichwa nje akasema kwa sauti, wenzangu wote wako barazani wanasubiri zamu, "Karatasi inasema Sikudhani!"

Barazani wote wakageukia ukutani. Mwenyewe aliona alichokifanya, maana alirudisha kichwa ndani kama kobe. Mimi nililia kwa hasira. Niliinyakua ile fomu pale dirishani, nikaichana, nikachukua begi langu, nikaenda nyumbani, nikamwambia mama kwamba mtihani siufanyi, na kama serikali inamtaka Sikudhani basi ikamtafute huko alikoachwa.

Mama alikuwa anachambua korosho, ulikuwa msimu. Alinisogezea mkeka nikakaa tukachambua wote.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mnamo saa nne hivi nikaona baiskeli inasukumwa kwenye mchanga, na mwenye baiskeli ni Karani, shati limelowa, na kwenye usukani ananing'inia kuku jike, mwekundu, mzima wa afya. Nilikimbilia ndani. Jumamosi ile, nasikia, ndiyo Jumamosi pekee bwalo halikupimwa. Wenzangu walikaa mlangoni mpaka jua kali, wakaenda zao.

"Hodi, Mama Zuhura."

"Karibu, baba."

"Nimekuja kulipa. Jana nilimtukana binti yako mbele ya wenzake. Sina la kujitetea."

Mama alimpokea yule kuku kwa mikono miwili, akamfunga mguu kwenye kinu, akaleta maji ya kunywa na mabibo kwenye sahani. Alipoketi, Karani akaniita. Aliniita Zuhura. Ndiyo mara moja tu aliyowahi kuniita hivyo, na nikatoka.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Kaa. Deni la kuku nimelimaliza na mama yako. Sasa nataka nikwambie jambo, halafu ukitaka kuchana fomu nyingine, chana."

Ndipo akasimulia. Alipomaliza kidato cha nne alifaulu vizuri, akachaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya mbali huko bara. Wakati ule majina ya waliochaguliwa yalisomwa mstarini asubuhi, shule nzima imesimama, na waliofaulu wameitwa kuja kusikiliza. Mkuu wa shule akasoma. Lilipofika jina lake, lilikuwa jina lake la karatasi, la utotoni, na kwenye mstari ule walikuwepo vijana aliokaa nao jandoni. Na kwa upande, chini ya paa la ofisi, alikuwepo mjomba wake, yule aliyempa jina jipya, aliyemsindikiza kwa furaha.

"Mkuu aliliita mara ya kwanza. Nikasikia. Akaliita mara ya pili, akauliza, huyu nani? Wenzangu wanatazama chini, hakuna wa kunitaja, wangenitajaje? Akaita mara ya tatu. Nilikuwa mstari wa pili, nipo karibu naye kama hapa na pale kwenye kinu. Nikanyamaza. Akaweka alama, akasema hayupo."

"Mjomba wako hakusema kitu?" mama aliuliza.

"Alisema nimefanya vizuri. Alinishika bega tukarudi nyumbani. Nilidhani nitakwenda kusahihisha wiki ijayo. Nilikwenda, wakaniambia barua imesharudi, nafasi kapewa mwingine."

Alikula bibo moja, akafuta mikono kwa leso.

"Fomu ya mtahiniwa wa kujitegemea nimeichukua miaka mingi. Naijaza mpaka nikifika kwenye nafasi ya jina, naikunja. Nikiliandika nimemkana mjomba, na mzee yupo, ananiangalia. Kwa hiyo mimi mtihani sikuushindwa. Nilishindwa kusema nipo." Akanitazama. "Wewe hilo jina halikuondolei la nyumbani. Ni la kuingilia mlangoni tu. Ukishaingia, hakuna anayekuita."

Jumatatu nilikwenda kwenye kile chumba, mlango ukafungwa, nikanong'ona. Aliandika kwa herufi nzuri, mkono umefunika. Kisha akasema, "Thelathini na Moja," na hapo nikawa namba kama wengine.

Ulipofika mtihani wenyewe, mwezi wa tano, Karani hakuruhusiwa hata kukaribia bwalo. Walikuja wasimamizi kutoka shule nyingine, wakaja na askari na bahasha zao. Wakapima madawati kwa futi yao ya chuma, wakakuta yako sawasawa. Yeye alichukua panga akaenda kupogolea mikorosho ya shule nyuma ya jiko, ambako bwalo halionekani ila sauti inasikika. Siku zote za mtihani alipogolea. Mkuu wa shule alikuja kulalamika kwamba mikorosho imebaki mifupa. Tukitoka tukimpitia pale, hakutuuliza mtihani ulikuwaje, wala maswali gani yalikuja, japo najua roho ilikuwa inamtoka kuyajua. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Uliitikia?"

"Niliitikia, Karani."

"Haya, nendeni mkale."

Nilifaulu. Nikaenda chuo, nikawa mwalimu, nikapangiwa sekondari moja upande wa Lupaso, huku chini Masasi. Nikipanda Newala, kwenye shule yetu ya zamani, nilimpitia, nikamletea sukari, tukaongea. Baadaye alistaafu, na mimi nikapata watoto, na zile safari zikapungua. Nakiri zilipungua mno. Miaka mitatu ilipita sijamwona, na mtu ukishapitisha miaka mitatu unaanza kuona haya kwenda mikono mitupu, unaahirisha tena.

Mwaka huu nikateuliwa kuwa msimamizi wa mtihani wa kidato cha sita kwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea, Newala. Alasiri ya siku iliyotangulia nilikuwa nabandika mpango wa kukaa kwenye ubao, namba tupu. Nilipomaliza nikaenda kuangalia chumba. Nikamkuta mzee amechuchumaa katikati ya madawati, kofia ameiweka sakafuni, anapima. Ana kamba ya katani yenye mafundo mawili.

"Mzee, humu hairuhusiwi," nikasema kabla sijaona vizuri.

Akageuza shingo. "Hili la dirishani limezidi kidogo kuja huku," akasema. "Thelathini na Moja, lisogeze."

Nililisogeza. Nikamwamkia, akaitikia, tukatoka nje barazani tukasimama, maana kwa kweli humo hairuhusiwi. Alikuwa amekonda, miwani imefungwa uzi, ila macho ni yale yale. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na kadi ya mtahiniwa, kona yake inaonekana.

"Karani, mtahiniwa ni wewe?"

"Ni mimi. Historia, Jiografia na Kiswahili." Akatabasamu. "Mwaka huu sijaikunja."

"Na mjomba?"

"Mjomba tulimzika mwaka juzi. Alikuwa mzee sana, hata sisi alitusahau. Siku za mwisho aliniita hilo jina la utotoni, unajua? Kila akiniona. Mtu aliyenivua hilo jina kwa mkono wake, akawa ananiita hilo hilo, anacheka, ananiambia njoo ule. Nilimwitikia. Ningefanyaje?" Akaisukuma kadi ndani ya mfuko. "Sasa sikiliza. Kesho hunijui. Hujawahi kuniona. Na ukifika kwenye namba yangu soma kama inavyotakiwa, namba na jina. Usije ukanionea huruma."

Nilisema sawa. Nilirudi nilikofikia, nikafungua orodha. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kulijua jina lake la utotoni, na sasa lilikuwa mbele yangu, limechapwa, na picha yake pembeni akiwa na ile miwani ya uzi. Ni jina la kawaida, la mtoto mdogo. Hapa siliandiki. Mdomo wa kulitamka nilikuja kuwa nao, lakini mkono wa kuliandika bado sina.

Asubuhi palikuwa na ukungu. Watahiniwa walijipanga nje, wengi vijana, wawili watatu watu wazima, na yeye wa saba, shati jeupe, kalamu mbili na rula mkononi. Nilianza kuita. Wengine walisema "ndiyo", wengine walinyoosha mkono, na kila mmoja akinyoosha nilimwona Karani anatikisa kichwa.

Nikafika kwake. Nikasoma namba, nikakwama. Nyuma yake alikuwepo binti mmoja wa pale pale Newala, na askari mlangoni ni Mmakonde, na mimi mwenyewe nimezaliwa Chilangala. Mtu wa umri wake! Ulimi haukutaka. Nikasema, kwa sauti ya chini, "Ingia, Mzee."

Hakusogea.

"Mwalimu," akasema, akinitazama kama mtu asiyenijua. "Namba na jina."

Nikasoma jina, kwa kunong'ona.

"Sauti, Mwalimu. Msimamizi akinong'ona, watahiniwa wanaingiwa na wasiwasi."

Basi nikalisoma. Nililisoma kwa sauti ile niliyofundishwa bwaloni, mbele ya mstari mzima. Yule binti aliinamisha kichwa. Askari akajifanya anaangalia barabara.

"Nipo," akasema Karani.

Alisema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, jengo zima lilisikia. Nikaweka alama ya vema mbele ya jina lake, akaingia ndani, akakaa kwenye dawati la dirishani, mikono juu ya magoti.

Siku ya pepa yake ya mwisho nilitangulia sokoni asubuhi kabla ya kufungua kituo, nikanunua kuku jike, mwekundu, nikamwacha kwa mama lishe. Nilikuwa nimemtukana mtu mzima mbele ya watu, na najua mila. Mtihani ulipokwisha na bahasha zikafungwa, nikamchukua kuku wangu, nikamfuata Karani alikokuwa anafungua kufuli la baiskeli.

"Shikamoo, Karani. Nimekuja kulipa."

"Marahaba." Akamtazama yule kuku, akampapasa kifua, mnono. Akanirudishia.

"Kwa nini? Ni haki yako."

"Haki ya mtu aliyetukanwa," akasema. "Mimi umeniita jina langu, nikaitika. Hapo kuna kuku gani?"

Akapanda baiskeli yake. Ninapoandika haya matokeo hayajatoka. Nilibaki pale kituoni kidogo, halafu nikaenda stendi, nikarudi Masasi na kuku wangu.